Gari Likigoma Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari likigoma kuwaka alfajiri, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: betri imekufa. Jirani anasema hivyo, kijana wa bodaboda pale kijiweni anasema hivyo, na fundi aliyepigiwa simu anafika na betri mpya tayari. Nusu saa baadaye gari linanguruma na mwenye gari ametoa hela ambayo hakuipangia. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Lakini wapo wengi ambao wiki tatu baadaye hujikuta palepale, ufunguo mkononi, gari kimya, na safari hii betri ni mpya.

Kubadilisha betri ni kazi nyepesi. Kwa magari mengi yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo yamejaa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, spana namba 10 na robo saa vinatosha. Kazi yenye akili ni ile inayotangulia, yaani kujua kama betri ndiyo yenye kosa. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na hapo ndipo mtu asiye fundi anaweza kujisaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu gari lisilowaka hutoa dalili zinazosikika na namba zinazopimika.

Taa zinawaka, mbona gari haliwaki?

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, wakati gari la petroli lilikuwa bado halijazaliwa. Kazi yake kubwa barabarani ilikuja na magari ya Cadillac ya mwaka 1912, yaliyotoka kiwandani na stata ya umeme iliyotokana na kazi ya Charles Kettering, na polepole madereva wakaachana na hendeli ya kuzungusha kwa mkono. Umbile la ndani halijabadilika sana tangu hapo. Kuna vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, na vikiunganishwa vyote vinaleta zile volti 12 na ushee tunazozijua.

Volti hazisemi yote. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja hula ampea 9 hivi. Stata ya gari dogo la petroli hutaka ampea 100 hadi 200 kwa sekunde chache, na ya dizeli hutaka zaidi. Ndiyo maana ile kauli maarufu, kwamba taa zinawaka na redio inaimba kwa hiyo betri ni nzima, haina uzito. Betri iliyochoka inaweza kuzitunza taa kwa saa nzima na bado ikashindwa kuzungusha injini hata nusu mzunguko.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho husahaulika zaidi. Chukua betri nzima kabisa, lakini kibano cha waya kimelegea au kimefunikwa na ule unga mweupe wa kutu. Tuseme uchafu huo umeleta ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa zikivuta ampea 9, volti zinazopotea hapo ni 0.18, na jicho halitaona tofauti yoyote. Stata ikivuta ampea 150, zinapotea volti 3, na gari halizunguki. Dereva anaona taa zinazong'aa na stata inayokoroma, anaamini betri imekufa, kumbe shida ni kibano ambacho kingesafishwa kwa brashi na maji ya moto. Fundi akija na betri mpya atakikwangua kibano kidogo ili kiingie vizuri, gari litawaka, na betri mpya itapewa sifa isiyo yake.

Hesabu nyingine inafaa kukumbukwa. Ampea 150 kwa sekunde mbili ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja. Betri ya kawaida ya gari dogo ina takriban ampea-saa 45. Kuwasha gari mara moja hakumalizi kitu cha maana kwenye akiba. Kwa hiyo betri inayoishiwa nguvu kila asubuhi imeshindwa kutunza chaji, au hailishwi ipasavyo gari linapotembea, au kuna kitu kinachoinyonya usiku. Kati ya sababu hizo tatu, ni ya kwanza tu inayotibiwa kwa kununua betri mpya.

Joto linaua, kisha linaficha

Ulaya na Amerika ya Kaskazini, betri husifika kwa kufa wakati wa baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri nguvu yake hushuka sana huku oili ya injini ikiwa nzito, na ndiyo maana watengenezaji huandika kwenye lebo kipimo cha CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kwenye baridi hiyo. Kwa mtu wa Tanga au Malindi kipimo hicho kinafaa kulinganishia betri moja na nyingine, basi. Adui yake yeye ni joto.

Kanuni ambayo wahandisi wa betri huitumia ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, uharibifu wa ndani huenda kwa kasi karibu maradufu. Chuma cha risasi kinachoshikilia sahani huliwa na kutu, na maji yaliyo kwenye asidi hupungua. Gari linaloshinda juani Kariakoo na kukaa foleni saa mbili kila jioni huichosha betri yake mapema kuliko gari la aina ileile linalolala Limuru au Njombe. Betri iliyotimiza miaka miwili au mitatu kwenye joto la pwani tayari ni ya kushukiwa.

Joto hilohilo linaficha maradhi. Kemia ya betri huenda haraka kukiwa na joto, na oili huwa nyepesi, kwa hiyo betri iliyobakiwa na nguvu kidogo huendelea kuwasha gari kana kwamba haina neno. Sehemu za baridi dereva husikia stata ikivuta kwa uvivu kwa majuma kadhaa, akapata onyo. Pwani onyo hilo ni fupi au halipo kabisa: jana gari limewaka, leo limegoma. Anayeishi kwenye joto hawezi kungoja dalili. Inampasa kupima.

Sababu ya pili ya betri kufa mapema, baada ya joto, ni safari fupi za foleni. Injini ikinguruma polepole, oltaneta haitoi umeme wake wote, na wakati huohuo feni ya kiyoyozi, taa, redio na chaja ya simu vinakula. Betri hurudi nyumbani ikiwa nusu. Ikikaa hivyo kwa majuma, chumvi ya risasi inayotanda kwenye sahani hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa kuchaji, na ujazo unapungua bila kurudi. Gari linalotembea kilomita tatu kwenda sokoni na tatu kurudi huzeesha betri kuliko linaloshika barabara ya Morogoro kila wiki.

Sababu ya tatu haihusiani na kemia: kutikisika. Magari mengi mitaani hayana tena kile chuma kinachoishika betri isicheze; kilipotea wakati wa kubadilisha mara ya mwisho, na nafasi yake imechukuliwa na kipande cha mpira wa tyubu au haikuchukuliwa na chochote. Barabara yenye mashimo hufanya kazi yake, sahani za ndani hukatika, na betri hufa bila kuonyesha kasoro yoyote kwa nje.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Zungusha ufunguo, au bonyeza kitufe, ukiwa umetega sikio. Sauti itakuelekeza upande wa kuanzia.

Ukisikia mlio wa haraka wa tatatatata huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi. Swichi ya stata inashika, volti zinaporomoka, inaachia, inashika tena. Hapo shuku betri au vibano vyake. Stata ikizunguka kwa uvivu kisha ikakata tamaa, maana ni hiyohiyo.

Ukisikia mlio mmoja mzito, "ta!", halafu kimya, na taa zikabaki na mwanga wake, macho yaende kwenye stata yenyewe. Kwenye Toyota nyingi zenye stata ya Denso, vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani ya swichi ya stata huisha kwa matumizi. Dalili yake inafahamika: unajaribu mara tano haliwaki, mara ya sita linawaka kama vile halikuwa na shida. Vipande hivyo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko betri, na ndogo zaidi kuliko stata nzima.

Pakiwa kimya kabisa, bila mlio wala kukoroma, huku taa zikiwa kali, pengine amri ya kuwasha haifiki kwenye stata. Kwa gari la gia za otomatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N ujaribu tena. Ikikubali, swichi inayoitambua gia ndiyo imechoka. Kwa gari la kitufe, mwombe mtu asimame nyuma uone kama taa za breki zinawaka unapokanyaga. Swichi ya breki ikifa, gari halitambui kwamba umekanyaga, na haliwezi kuwaka hata ukiliwekea betri tatu. Angalia pia betri ndogo ya ufunguo wenyewe. Toyota nyingi hukubali kuwaka ukigusisha ufunguo huo kwenye kitufe huku umekanyaga breki.

Na kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, iache betri kabisa. Imeshafanya kazi yake. Sasa ni habari ya petroli, plagi, sensa, mkanda wa taiming, au taa ya ufunguo inayomweka kwenye dashibodi kueleza kwamba gari haliutambui ufunguo. Kuendelea kupiga stata kwa dakika nzima katika hali hiyo ndiko kunakoiua betri iliyokuwa nzima, na jioni mtu anakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Namba zinazotatua ubishi

Multimita ya bei nafuu kabisa, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari liwe limelala usiku kucha, au angalau saa kadhaa, kwa sababu betri iliyotoka tu kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo za kweli.

Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 au zaidi ina maana betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Chini ya 11.9 imekwisha. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa vizuri, chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, na betri hiyo haina tiba.

Usitoe uamuzi kwa volti za betri iliyolala peke yake. Mwambie mtu apige stata huku unaitazama mita. Betri iliyojaa na yenye afya haishuki chini ya 9.6 hivi. Ikiwa ilisoma 12.6 kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 injini ikijaribu kuzunguka, imechoka ndani, na hukumu ya mtaa imethibitika. Ikiwa ilianza na 12.0, usiihukumu bado. Ichaji kwa chaja usiku mzima, iache ipumzike, kisha uirudie. Betri tupu na betri mbovu hufanana mpaka zote mbili zichajiwe.

Gari likiwaka, pima tena. Kati ya 13.8 na 14.7 oltaneta inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, betri haipati chakula, na utanunua mpya kila baada ya miezi michache ukidhani unauziwa feki. Ikipita 15, oltaneta inaichemsha betri. Maji yatapungua na harufu ya yai viza itatokea. Baadhi ya magari ya karibuni hupunguza volti za kuchaji kwa makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo washa taa na kiyoyozi kabla ya kumshuku fundi au oltaneta.

Kipimo kinachosahaulika ni kile cha njia ya umeme. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kwenye kibano, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa athi una tatizo, na utakuwa umeokoa bei ya betri kwa kukaza bolti moja. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata. Kuwa mwangalifu hapo, kwa kuwa bolti hiyo ina umeme wakati wote.

Kuna jaribio moja la kale la kuachana nalo: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama gari litazima. Zamani lilikuwa jibu la haraka. Leo gari lina kompyuta kadhaa, na oltaneta inayopoteza betri ghafla inaweza kurusha volti nyingi zenye uwezo wa kuunguza kompyuta inayogharimu mara nyingi ya betri. Mita hutoa jibu lilelile bila hatari hiyo.

Mwizi wa usiku

Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, kengele na kumbukumbu za kompyuta huendelea kula umeme kidogo, na kiwango kinachokubalika ni kama miliampea 50. Kwa kiwango hicho betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya akiba yake kwa wiki mbili na nusu hivi. Hilo linamhusu anayesafiri mwezi mzima na kuliacha gari nyumbani.

Mambo hubadilika kukiwa na kifaa kilichofungwa kienyeji. Vifaa vya kufuatilia gari ambavyo benki na kampuni za bima hupenda vifungwe, kengele za dukani, kamera za kioo cha mbele na redio zenye vioo vikubwa vya Android vikiunganishwa kwenye waya usiozimika, vinaweza kula nusu ampea usiku kucha. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku. Siku mbili zatosha kuifikisha betri mpya kwenye nusu, na kufikia asubuhi ya Jumatatu gari lililoegeshwa Ijumaa linaweza kugoma.

Kumtafuta mwizi huyu, zima gari, toa ufunguo mbali, ngoja nusu saa ili kompyuta zilale, kisha chomoa waya wa hasi na upitishe umeme ndani ya multimita iliyowekwa kwenye ampea 10. Kwa kuwa kuchomoa waya huziamsha kompyuta, ngoja tena kabla ya kusoma. Mlango usifunguliwe wala stata isipigwe mita ikiwa hapo, maana itaungua fyuzi yake. Namba ikiwa kubwa, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Fyuzi iliyoishusha inakuonyesha mtaa anaokaa mwizi.

Kununua: lebo inasema zaidi ya bei

Vipimo vikishathibitisha kwamba betri imekwisha, swali linakuwa ipi inunuliwe. Muuzaji atauliza kama ni NS40, NS60 au N70, na kwa kawaida hilo linatosha. Ila betri zenye alama za Kijapani, tuseme 46B24LS, hueleza zaidi. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu. Herufi B ni upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L inaeleza vichwa viko upande gani. Ukichukua R, waya hazitafika, au mtu atazivuta zifike kwa nguvu. Na ile S ya mwisho ina maana vichwa ni vinene. Bila S, kwenye ukubwa huu wa B24, ni vyembamba.

Herufi hiyo moja huleta magonjwa mengi ya kuwaka. Kibano cha kichwa kinene kikivalishwa kwenye kichwa chembamba hakikazi, na dawa ya mtaani ni kuchomeka kipande cha bati au msumari. Gari litawaka siku hiyo. Miezi miwili baadaye bati limeshika kutu, ukinzani umeingia, na tunarudi kwenye zile volti 3 zinazopotelea njiani.

Magari yanayojizima yenyewe kwenye taa za barabarani yanataka betri za aina yake, zenye alama kama M-42 au Q-85, zilizoundwa kuvumilia kuwashwa mara nyingi kwa siku. Mazda nyingi za i-stop zilizoingia huku zimewekewa betri za kawaida kwa sababu ni nafuu. Zinawaka, lakini mfumo wa kujizima huacha kufanya kazi au betri hufa mapema. Mwenye gari aamue kwa kujua: anunue betri inayostahili, au aizime i-stop kwa kitufe chake kila safari.

Dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa, na mwombe muuzaji apime volti mbele yako. Betri iliyokaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa, tena kwenye duka lenye joto, imeanza kuzeeka kabla haijaguswa. Ikiwa chini ya 12.4, omba nyingine. Risiti yenye tarehe itunzwe, kwa kuwa dhamana bila risiti ni maneno.

Mikono kazini

Egesha mahali tambarare, zima kila kitu, toa ufunguo na usubiri dakika chache. Vua saa ya chuma na pete. Usivute sigara wala usiwashe kiberiti, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Piga picha ya waya zilivyo kabla ya kugusa.

Anza na hasi. Sababu inastahili kueleweka, kwani anayeielewa hatasahau mpangilio. Bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza kufungua chanya na spana yako ikagusa bodi, umeunganisha vichwa viwili moja kwa moja. Mamia ya ampea yatapita kwenye spana, cheche zitaruka, na spana inaweza kupata moto mkali mkononi. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea. Kwa hoja ileile, wakati wa kufunga chanya hutangulia na hasi humalizia.

Ukishaondoa waya zote mbili, fungua chuma cha kushikilia na uinyanyue betri ikiwa wima. Uzito wake ni kilo 10 hadi 15 kwa gari dogo, zaidi kwa dizeli. Osha sinia lake na vibano kwa maji yenye bekingi soda, ambayo huua asidi, kisha ukaushe. Weka mpya, funga chuma chake kwanza, ndipo uvalishe vibano. Kibano kisichoingia kipanuliwe kwa bisibisi, kamwe kisigongwe kwa nyundo, maana kichwa kikitikisika asidi itavuja. Kaza mpaka mkono usiweze kukizungusha, uishie hapo. Pakaza grisi au Vaseline juu baada ya kukaza. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa muda mrefu na uende hospitali.

Kuna mtego mmoja wanaoujua wenye Toyota za Japani. Redio nyingi za kiwandani zikikatiwa umeme hujifunga, na skrini huanza kudai kadi ya SD ya ramani au namba ya siri ambayo haikuja na gari. Hakikisha kadi yako ipo kabla ya kuchomoa waya, au tumia kifaa cha kushikilia umeme kwenye mfumo wakati wa kubadilisha. Vioo vya umeme na mwendo wa injini gari likiwa limesimama huenda vikahitaji muda kujipanga upya. Hilo si ugonjwa.

Kuna magari ya kumwachia fundi mwenye mashine. BMW nyingi za karibuni zinataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ili ichajiwe ipasavyo. Magari ya haibridi kama Toyota Aqua na Prius nyingi yana betri ndogo ya volti 12 nyuma, yenye bomba la kutolea gesi nje ambalo lazima lirudishwe. Na nyaya za rangi ya chungwa ni za volti za juu, asiyesomea asiziguse.

Kuazima umeme kwa jirani

Kabla ya kununua kuna kuazima. Waya nyekundu iende kwenye chanya ya gari bovu, kisha chanya ya gari zima. Waya nyeusi ianze kwenye hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho ishikwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee penye gesi. Washa gari zima, ngoja dakika tano au zaidi, ndipo ujaribu. Waya nyembamba za bei rahisi hazipitishi ampea zinazohitajika, na kukosea nyekundu na nyeusi kunaweza kuua diodi za oltaneta kwa sekunde moja. Gari la haibridi lisitumike kuazimisha. Na gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wakisukuma mtaa mzima.

Likishawaka, usiitegemee oltaneta kuijaza betri iliyokauka kabisa. Kazi hiyo huipasha moto oltaneta, na chaja ya usiku mmoja huifanya vizuri zaidi.

Betri kuukuu haitupwi

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mombasa inalijua hilo kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza harakati zilizochangia kufungwa kwa kiwanda, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayeipunguzia bei ile mpya, isiishie kwa mnunua vyuma anayemwaga asidi mtaroni.

Hukumu iwe ya mwisho

Ukizitazama hatua hizi zote, utaona kwamba mpangilio wa uchunguzi unafuata mpangilio wa gharama. Kusikiliza, kuhamisha gia na kutazama taa za breki hakugharimu kitu. Kusafisha na kukaza vibano kunagharimu maji na dakika kumi. Multimita hununuliwa mara moja na itaishi kuliko betri kadhaa. Baada ya hapo ndipo zinakuja chaja, oltaneta, stata, na betri yenyewe. Tumezoea kuanzia mwisho wa orodha kwa sababu betri ndiyo inayobebeka na kuuzwa haraka.

Kuna anayesema muda wake ni ghali, afadhali abadilishe betri aende kazini. Ana haki yake, hasa betri ikiwa na miaka mitatu ya joto la pwani mgongoni. Lakini hata yeye apime baada ya kubadilisha: volti za kuchaji injini ikiwaka, na volti za asubuhi inayofuata kabla ya kupiga stata. Namba hizo mbili aziandike nyuma ya risiti. Siku gari litakapogoma tena, ataanza na ushahidi badala ya kuanza na mkoba, na betri iliyoshindwa vipimo itabadilishwa bila mtu yeyote kujiuliza kama alipaswa kuinunua.